Maneno Matatu kwa Ajili ya Bwana Lango

Karakana ya mbao,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu pamoja na vumbi la mbao, maana siku hizi hatuachani. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Shemeji je, na wale pacha, bado wanagombania kukaa dirishani? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo hauna ugonjwa wowote, nawe unamjua.

Paa la jikoni nimeliziba, halivuji tena. Jirani mshonaji amehama na cherehani yake, kwa hiyo mchana nyumba imekuwa kimya.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Unamkumbuka Bwana Lango, yule mlinzi wa karakana yetu aliyekuwa akitupigia saluti asubuhi? Miaka miwili iliyopita bosi alimtoa langoni akampa patasi. Sasa ameunda kiti. Amekiunda kwa vipande tulivyotenga kuwa kuni, bila msumari hata mmoja. Mahali pa kuwekea mikono pametangulia mbele, na kikalio kimeinuka kidogo nyuma, kwa ajili ya mtu mwenye magoti mabovu. Mimi nimeshika randa miaka kumi na tisa na wazo hilo halijanijia hata siku moja.

Hayo ningeyameza. Lakini Mama alikuja kuniletea chakula, akakijaribu. Akakaa, akashika, akainuka mwenyewe bila kupewa mkono. Akakaa tena, akainuka tena, huku akicheka peke yake. Kile nilichomtengenezea mimi unakijua, anatundikia nguo. Mdogo wangu, nilimwonea gere mzee wa watu mpaka chakula kikanishinda.

Juzi bosi akanikabidhi fomu nimjazie Bwana Lango. Kuna maonyesho ya mafundi, na atakayechaguliwa atapelekwa miezi sita kusomea uundaji wa samani. Fomu ni ya Kiingereza, na karakana nzima ni mimi tu niliyekigusa kidogo. Mwishoni wanataka maneno matatu yanayoeleza ubunifu wa Bwana Lango.

Nikafungua ile kamusi uliyoniachia. Nikaliona creative, yaani mbunifu. Nikaliona original, asiyeiga. Nikayapita kama sijayaona, nikaandika hardworking, clean, quiet. Yaani mchapakazi, msafi, mkimya. Hakuna uongo hapo, ila kwa maneno hayo hata ufagio ungechaguliwa. Nikajitetea kwa maneno ya wahenga, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kumbe kilikuwa kijiba cha roho tu.

Kabla sijaikunja fomu, Bwana Lango akaja, amenawa mikono kabisa.

"Fundi, hebu nisomee. Umeniandikaje?"

Nikaitazama karatasi. Sikuweza kumsomea yaliyomo, aibu ilinishika, na mdomo ukashika njia yake.

"Nimeandika kwamba unakiona kitu kabla hakijakuwepo," nikamwambia. "Kwamba hukumwiga mtu. Na kwamba mabaki tunayotupa sisi, wewe unayageuza kuwa kitu cha maana."

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Miaka kumi na moja pale langoni," akasema, "neno nililokuwa naambiwa ni fungua."

Akatoka, nikamsikia akipenga kamasi nyuma ya rundo la mbao. Na karatasi mkononi mwangu ilikuwa bado inasema msafi.

Kwa hiyo nakuomba. Fomu inatumwa Ijumaa ya wiki ijayo, na nimeshapata nyingine isiyoandikwa kitu. Dereva wa lori aliyekuletea barua hii atalala huko siku mbili, basi mpe jibu arudi nalo. Nataka maneno matatu ya Kiingereza kwa yale matatu niliyomwambia, kila moja mahali pake. Kamusi inanichanganya: creative, inventive, imaginative, original, yote nayaona ndugu wa tumbo moja. Wewe unayefundisha lugha hiyo ndiye unayejua yupi mkubwa. Usichague madogo ili kunifurahisha kaka yako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Usidhani wivu umeniisha. Hata jana nilikizunguka kile kiti nikitafuta kasoro. Sijaiona, na bado natafuta.

Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Msalimie shemeji, wabusu pacha, na Shangazi akipita kwako mwambie kabati lake liko tayari, nimelirudia msasa mara mbili. Mungu akulinde, akufungulie kila mlango utakaougonga.

Wako akupendaye,
Kaka yako, fundi.

N.B. Ukibakiwa na neno la nne, hata kama ni dogo, niandikie pembeni. Si la fomu. Ni la mtu aliyemtengenezea mama yake kiti, kikaishia kutundikiwa nguo.