Karatasi ya Kaburi la Baba

Jumatatu, 1 Aprili

Karani Hou wa kijiji kabandika tangazo dukani. Kilima cha makaburi kitageuzwa bustani ya matunda. Kaburi litakalokutwa halina karatasi Alhamisi jioni, siku ya Qingming, ya kufagia makaburi, litahesabiwa halina mwenyewe, na mifupa itahamishwa.

Karatasi nyeupe chini ya jiwe — ndivyo wafu wanavyojulikana kuwa wameacha watoto. Baba hajawekewa tangu mwaka juzi. Na ana watoto wawili!

Nimempigia mdogo wangu wa kiume, Baolin, huko mjini. Kasema anakuja. Mwaka jana pia alikuwa anakuja.

Jumanne, 2 Aprili

Nimefinyanga mikate ya mvuke yenye umbo la mbayuwayu, thelathini na miwili, macho ya kunde nyeusi. Kesho ni siku ya chakula baridi, jiko haliwashwi. Mume wangu kala minne kabla haijapoa, akadai anamwekea Jie Zitui akiba.

Maskini Jie, yule wa hadithi ya kale. Alijikata nyama ya paja akampikia bwana wake, walipokuwa na njaa uhamishoni. Bwana akapata utawala, akamsahau. Alipomkumbuka, Jie alishapanda mlima wetu huu na mama yake, hataki kushuka. Wakautia moto mlima ili atoke. Hakutoka. Ndiyo maana hatuwashi moto.

Watu humwonea huruma Jie. Mimi, nikimfikiria Baolin, namkumbuka yule bwana.

Jumatano, 3 Aprili

Uji baridi. Mayai baridi. Tumbo linanung'unika.

Nimemwambia mume wangu: Baolin asipokuja, naweka mwenyewe. Akatua kijiko. Kwetu binti aliyeolewa hawawekei wazazi karatasi. Wanasema anaifagia bahati ya ndugu yake wa kiume. Na mke wa mtoto wa Baolin ana mimba ya miezi minane. Likitokea lolote, nitalaumiwa mpaka naingia kaburini.

Jioni Baolin kapiga simu, kanikumbusha hayo hayo. "Dada, nakuomba, usiguse kitu. Nisubiri."

Mizimu siiogopi. Lawama naiogopa sana.

Alhamisi, 4 Aprili

Saa tatu asubuhi, hajafika. Saa sita, simu imezimwa.

Saa kumi nimepanda. Walinzi wa msitu wako njiani wanakusanya viberiti. Kilima chote cheupe kwa karatasi, isipokuwa kwa Baba. Nikang'oa magugu taratibu, nikivuta muda. Karani Hou alikuwa safu ya chini na ndoo ya rangi nyekundu, anatia alama makaburi yasiyo na karatasi. Kasema atanisubiri hadi saa kumi na moja, kwa heshima ya mzee.

Saa kumi na moja ikafika.

"Dada Fenglian, nipake au nisipake?"

Nikaweka karatasi. Nikaigandamiza kwa jiwe. Hou akafunika ndoo, akasema yeye hakuona ni mkono wa nani.

Nimerudi, gari la Baolin liko langoni. Kapanda kilimani kwa njia ya kijitoni, hatukukutana. Mume wangu kamwambia nilikokwenda. Simlaumu, hajui kudanganya.

Naandika hapa dirishani. Kilima chote kinaonekana. Baolin kainama kaburini, karatasi zake kwapani, mkono mmoja juu ya jiwe langu. Kutoka hapa siwezi kuona kama analiondoa, au anapenyeza karatasi yake chini yake.