Kipimo cha Uongo Nilichompa Rafiki Yangu Harlan

Mpendwa Bi. Maxine,

Barua hii nimeichana mara nne, hii ya tano naituma bila kuisoma tena. Nisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, maana hapa nyumbani sina wa kumuuliza. Binti yetu yuko Arizona, hunipigia simu kila Jumapili, nami humwambia niko salama, yanaishia hapo.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, fundi mitambo mstaafu wa huku Pennsylvania, na kwa miaka thelathini na moja mimi, marehemu mke wangu Nadine na rafiki yetu Harlan tumeshindana kulenga shabaha katika klabu yetu, ule mchezo wa kukaa kwenye benchi la zege, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, karatasi iko mbele yadi mia moja, na katikati kuna vibendera vya kuonyesha upepo, maana upepo huisukuma risasi pembeni. Sisi tulikuwa watu wa kundi, yaani unapiga risasi tano na zote zinatakiwa zipite karibu karibu, ikiwezekana tundu moja, na haijalishi zimepiga upande gani wa karatasi ilimradi zimepiga pamoja, kisha mpimaji anapima upana wa lile kundi na mwenye kundi dogo ndiye mshindi. Mpimaji nilikuwa mimi. Rekodi ya klabu alikuwa nayo Nadine. Ukiigawa inchi moja sehemu elfu, upana wa kundi lake ulikuwa sehemu tisini na nane tu, na jina lake limechongwa kwenye ubao ukutani.

Nadine alifariki mwaka juzi mwezi wa Septemba, saratani ya kongosho. Wiki tano baadaye tulikuwa na mashindano ya kufunga msimu, nikaenda kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine, na siku hiyo Harlan akapiga kundi ambalo kwa macho tu lilionekana dogo kuliko la Nadine. Nikapima mara tatu, mara zote tisini na nne. Wenzangu walikuwa nje wanakula supu ya kuku na mahindi, mimi niko peke yangu chumba cha kupimia, nikaona jina la mke wangu linashushwa ukutani na udongo wa kaburi lake haujakauka. Nikatoka nikatangaza mia moja na mbili. Harlan akacheka, akasema, "Nadine angenitania mpaka Krismasi," akachukua karatasi yake, maana kila mtu huondoka na karatasi zake, tukaenda kula.

Ningeishia hapo labda ningezoea. Lakini Februari mwaka huu klabu ilipiga kura kuacha mchezo wa kundi na kubaki na mchezo wa pointi tu, kwa sababu tumepungua na wengi wamezeeka, na kupima makundi kunachukua nusu siku wakati pointi unazihesabu kwa macho. Kwenye pointi kila risasi ina duara lake, ukikosa duara moja umekosa, huwezi kuifuata risasi ya kwanza ilikokwenda kama tulivyozoea. Tena huko risasi nene ina faida, kwa kuwa ukingo wa tundu ukigusa tu mstari wa ndani unapewa pointi ya juu, na bunduki yangu ni ya risasi nyembamba. Harlan alinyoosha mkono kuunga mkono pointi. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Wewe unataka pointi kwa sababu kundi limekushinda tangu ujana wako."

Bi. Maxine, nilimwambia hivyo mimi, ninayejua peke yangu kwamba alimshinda kila mtu aliyewahi kukaa kwenye yale mabenchi. Harlan alichukua kofia yake akatoka.

Tangu hapo amekuja kwangu mara tatu. Mara zote nilipunguza sauti ya televisheni nikakaa kimya kwenye kiti mpaka niliposikia gari lake likiondoka. Siku hizi haji. Kuna wiki ambazo mtu pekee ninayezungumza naye ni binti wa dukani anayeniuliza kama nataka mfuko. Sasa klabu imeniandikia kwamba Jumamosi ya pili ya Mei wataupigilia misumari ule ubao usibadilishwe tena, kwa kuwa rekodi za kundi zimefungwa, na wananiomba niseme maneno machache juu ya Nadine. Harlan atakuwepo. Nikisema ukweli namwangusha mke wangu, nikinyamaza nitasimama pale nikimwangalia usoni. Nifanye nini?

Mpimaji wa Zamani


Mpendwa Mpimaji,

Pole kwa kufiwa. Wiki tano baada ya kumzika mwenzako hukupaswa kupewa kazi ya kupima chochote, na klabu yenu ingekuwa na akili ingekuambia ukae ule supu. Hilo nalisema mara moja, usilifanye kichaka cha kujifichia.

Mchezo wenu sikuujua kabla ya barua yako, lakini uongo naujua. Unasema ulimlinda Nadine. Mama wa watu alipata tisini na nane yake kwa jicho lake na mkono wake, haikuwa na doa, wewe ndiye uliyeitia doa. Kushindwa na rafiki si kuanguka. Na yale ya mkutanoni ni mabaya kuliko kipimo, kwa sababu kipimo ulikidanganya ukiwa na msiba, lakini rafiki ulimtukana ukiwa na akili zako timamu.

Usingoje Jumamosi hiyo, wala usiungame mbele ya hadhara ili watu wakuonee huruma. Nenda nyumbani kwa Harlan wiki hii, mchana. Taja namba kwanza, kisha omba radhi kwa maneno ya mkutanoni, wala usitie "lakini" popote. Suala la ubao mwachie yeye aamue. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Baada ya hapo jiandikishe kwenye hayo mashindano ya pointi na hiyo bunduki yako nyembamba. Utakuwa wa mwisho. Heri kuwa wa mwisho kati ya watu, baba, kuliko kuwa wa kwanza na televisheni.

Maxine


Jibu hili nilimtumia kwa posta kabla ya kulichapa gazetini. Mwishoni mwa Mei aliniandikia tena, na ameniruhusu niwape wasomaji barua hiyo.

"Nilikwenda Alhamisi. Nilisimama kibarazani nikasema tisini na nne. Harlan akasema, 'Mimi nilipata tisini na tano.' Kumbe aliipima karatasi usiku uleule nyumbani kwake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, 'Ulikuwa umetoka kuzika. Hata ungesoma mia mbili ningekula supu yangu.' Nikaomba radhi kwa yale ya mkutanoni. Hapo hakucheka. Akasema, 'Hayo bado. Hayo yaliniuma,' akafunga mlango taratibu.

"Ubao aliagiza uachwe ulivyo, na aliniambia hilo kwa simu, maneno sita hayakufika. Jumamosi nikasema machache juu ya Nadine, na mashindano ya pointi yalipoanza nikakaa benchi la tisa, la mwisho, ambako hakuna anayependa kukaa. Nilikuwa wa mwisho kama ulivyosema. Harlan alikuwa benchi la tatu na kutwa nzima hakuniangalia. Ila kabla ya raundi ya nne, watu wakiwa wanajiandaa, alipita nyuma yangu akielekea kwenye gari lake, akapunguza mwendo.

"Akasema, 'Upepo umegeuka.'

"Nikatazama vibendera. Ulikuwa umegeuka kweli."