Moyo wa Mama Haukulia Kifuani

Kiplombe,
Eldoret.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Kipchumba,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe na mkeo Mildred mko wazima huko Kanada, na kile kikohozi cha mtoto kimeisha. Huku mvua ni nzuri, mahindi yamefika magotini.

Kaka, keti kwanza. Mama alilazwa siku kumi na moja kwa sababu ya moyo. Si Baba. Ni Mama.

Tangu Baba aambiwe ana shida ya moyo, sote tulimchunga yeye. Mama alimpikia kwa sufuria yake, nyama bila mafuta. Yale mafuta aliyoyatoa hakuyatupa, aliyakaangia sukuma wiki yake mwenyewe. Nikimkanya, anacheka: "Jerop, moyo ni ugonjwa wa wanaume. Mimi nina injini ya trekta."

Mwezi uliopita alianza kuchoka akikamua ng'ombe mmoja tu. Kisha taya likamuuma, na mgongo, na kichefuchefu. Kifua hakikumuuma hata kidogo. Nikasema ni asidi, nikamnunulia dawa ya tumbo. Siku tatu nzima nikimpa hiyo, kaka! Siku ya nne alianguka kando ya ndoo ya maziwa. Jirani yetu Kabura ndiye aliyetukimbiza hospitali kwa pikapu yake.

Daktari aliniambia wanawake wengi hufika wakiwa wamechelewa hivyo, maana dalili zao mara nyingi si zile tunazozijua za wanaume. Hedhi ikishakoma, kinga waliyokuwa nayo hupungua, na mafuta huwaumiza mishipa sawa na wanaume. Nilitoka nje nikalia.

Alirudi juzi. Sehemu ya moyo imekufa, na hiyo hairudi. Akitoka kitandani kwenda mlangoni anapumzika mara mbili.

Jana Baba alisukuma sahani yake kando, akamwambia, "Ulinichunga mimi. Wewe ulichungwa na nani?" Mama alimrudishia tu sahani.

Tafadhali, Mildred naye apimwe, hata kama anajiona mzima.

Baba na Kabura wanakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mama alinikataza kukuandikia, eti utaacha kazi. Nimeshindwa kunyamaza. Piga simu Jumapili, lakini usimwulize anakula nini, asije akajua nimekuandikia. Mwache aongee, na usikilize vile anavyopumua.

Dada yako anayekupenda na kukukosa sana,
Jerop