Mboga za Mama Mkwe Hazitiwi Chumvi

Mshauri mpendwa, mwanangu sasa hivi kalamba sahani ya mboga za majani mpaka inang'aa, yeye ambaye akiona kijani tu anafunga mdomo, na badala ya kufurahi nimekaa nakuandikia kwa hofu, naomba msaada wako. Mimi ni kibarua kwenye eneo jirani na kwetu ambalo tangi la kiwanda lilipasuka likamwaga maji ya chumvi na uchafu mwingine, ardhi ikawa nyeupe kama imepakwa chokaa, na sasa tunairudishia mimea yake ya asili, ile inayovumilia chumvi na kuifyonza mpaka kwenye majani, tena tumekatazwa kuila maana haijulikani imefyonza na nini kingine. Msimamizi analalamika kwamba mbuzi wanatumalizia miche, ila anashangaa ni mbuzi gani anakata kwa kisu. Leo nimeingia jikoni nikakuta majani yale yale kwenye ungo wa mama mkwe. Mshauri, tangu aolewe mama huyu, baba mkwe alikuwa anasukuma sahani pembeni akisema chakula hakina ladha, lakini wiki hizi anaongezewa anaomba tena, juzi akamwambia mbele yetu sote, "Mama watoto, mkono wako umekubali uzeeni," na mama akajibu kwa maringo kuwa mboga zake siku hizi hazitaki hata chumvi. Anatembea kama bibi harusi. Mimi nampenda, ndiye anayenilelea mtoto, nitaanzaje kumwambia, na sasa anasema atatafuta mbegu apande nyuma ya nyumba, nikafungua mdomo nimweleze lakini nikaona anavyotabasamu, basi nilikuwa nafikiri labda nimtume mume wangu au — abee mama, ananiita nikaonje, mshauri, nita

JIBU

Binti, nimecheka, halafu nimekasirika. Moyo wako ni mzuri, lakini unamkinga mama mkwe na aibu huku unamwachia sumu kwenye sufuria? Mtoto anakula, wazee wanakula, wewe unaandika barua tu.

Mwaga hiyo mboga leo. Usimtume mumeo. Mwite mama pembeni, baba mkwe asisikie, umwambie, "Mama, majani haya yamepandwa yasafishe ardhi, hayaliwi." Kisha nendeni wote zahanati mkaseme mlichokula, wala msione haya. Msimamizi naye mwambie ukweli kabla hajagombana na wenye mbuzi, na umwombe majani yapimwe.

Mama atanuna, tena sana. Mwache anune, anayenuna ni mzima.