Kisanduku cha Munigi

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Nimekaa kwenye meza yako hapa Mabanga, kazi imekwisha. Mama yuko sokoni. Nataka nikueleze wewe kwanza, maana hapa nyumbani hakuna mutu mwingine atakayeelewa kilichoniogopesha.

Tangu tulipokuzika, baada ya ile pikipiki kukuangusha kwenye njia ya Sake, ukitoka kule Lac Vert ulikoenda kutafuta mahali pa kusimamisha antena, Mama hataki nipande pikipiki yoyote. Nikitoka tu, ananipigia simu kabla sijafika kona. Blauzi yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna anayethubutu kuigusa. Mimi nimekuwa nikiunganisha waya za watu, kazi ndogo ndogo, nikiomba asitokee wa kuniuliza zaidi ya hapo.

Halafu radi ikapiga Munigi. Mama Charlotte, yule muuguzi wa maternite ya huko, pale wanapozalia, akapiga simu asubuhi. Kile kisanduku chako, lile daraja lililounganisha rezo yao, mtandao wa mashini zao, na ya hospitali ya mjini, kimeungua. Bila hicho, picha za ekografi, zile za mutoto tumboni, hazimufikii munganga wa mjini. Akanieleza polepole kwamba ana mama mmoja mwenye mimba kubwa, hasikii maumivu, na bwana yake haoni sababu ya kumushusha mjini, anataka kumurudisha nyumbani. Lakini kwenye picha Mama Charlotte ameona kitu asichokielewa. Aliwabembeleza wangoje mpaka kesho yake, basi.

Nilikuwa na kile kisanduku cha zamani tu ulichokiacha chini ya meza, chenye memori ndogo. Mfumo wa kawaida haukuenea. Ilinibidi nifanye kama wewe: nijenge upya kerneli, ile sehemu inayoamka kwanza ndani ya mashini na kuamuru nyingine zote, na niipunguze ibaki na vya lazima tu. Na mipangilio yako yote iliungua pamoja na kisanduku cha kwanza.

Unakumbuka ile siku tukitwanga majani ya sombe? Ulisimamisha muchi, ukasema, "Kavira, daraja linapokea huku, linapeleka kule. Kila kitu unachokiona kwenye orodha, uliza: bila hiki, litapitisha?" Nikacheka, nikakuambia tumalize sombe kwanza, njaa inauma.

Nikafungua orodha ya vipande vya kerneli. Ni ndefu, Yaya, haina mwisho. Nikatoa sauti. Nikatoa skrini, kamera, mashini za kuchapa. Kila nilichofuta, nilirudi kukisoma tena. Nikaacha karte mbili za rezo, zile zinazopokea waya, na ile sehemu inayozifunga pamoja zifanye kazi kama waya mmoja. Kurant ya umeme ikakatika kerneli ikiwa bado inajengwa. Muzee Salumu wa duka la vipuri akaniazima betri yake bila kuuliza ni ya nini.

Nikawasha kisanduku. Taa ikawaka, kisha kimya. Nikachomeka waya wa kusomea ujumbe wake: kerneli iliamka, ikatafuta kadi yenye faili zake, haikuiona, ikasimama. Nilikuwa nimetoa hata kile kipande kinachoiwezesha kusoma kadi. Nikabaki ninaangalia ule mustari wa mwisho. Hapo ndipo wewe ungenisukuma begani uketi mahali pangu. Nilingoja kidogo, Yaya. Kweli nilingoja.

Nikakirudisha kile kipande. Nikajenga tena. Kikaamka.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Munigi. Mama alisimama mlangoni mpaka tukapinda kona. Nilimwomba dereva aende taratibu mpaka akakasirika. Nilipofika, bwana wa yule mama alikuwa ameshafunga mizigo. Nikapanda juu ya paa, nikafunga kisanduku, nikachomeka waya wa antena, kisha ule unaoingia ndani. Nikasema moyoni, kama nimetoa kitu kingine cha lazima, huyu mama anaenda zake.

Picha ikapita.

Munganga akapiga simu hapohapo. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mutoto. Akasema ashushwe mjini siku hiyohiyo, asizalie nyumbani hata kidogo. Yule bwana alisikiliza, akaketi chini juu ya mizigo yake, kisha akainuka akaenda kutafuta gari mwenyewe. Wamemupasua jana. Mama na mutoto wanapumua wote wawili. Ni musichana.

Nilipokuwa ninakusanya vyombo, Mama Charlotte aliniuliza, "Kikikufa tena, tumuite nani?" Nikafunga mfuko wa vyombo. Kisha nikamwambia, "Muniite mimi."

Sijui kama nitaweza. Wingu la radi likijikusanya juu ya volkano yetu, nashika simu kuangalia kama wameniita. Lakini nakuahidi: wiki hii natengeneza kisanduku cha pili, chenye kerneli hiyohiyo, kikae tayari kwa Mama Charlotte, na mipangilio yake nitaiweka katika sehemu zaidi ya moja. Baada ya hapo nitaenda Lac Vert kusimamisha ile antena. Kwa Mama nitajieleza mwenyewe.

Pumzika, Yaya. Usinisubiri kwenye meza, nimeshakaa mahali pako.

Mudogo wako,
Kavira