Kurasa Nne za Ishiara

Mtaa wa Dallas,
Embu.
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Kinya,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Huko Gaborone mnaendeleaje? Magoti yako bado yanakusumbua? Mimi moyo umechoka. Daktari haongei nami tena, anaongea na Kivuti mlangoni. Tangu Mei sijatoka chumba hiki. Mpira wa oksijeni unanifikisha dirishani tu.

Kivuti, mwanangu, ananitunza vizuri mno. Juzi alisahau karatasi kitandani kwangu: wasifu wangu, ule utakaosomwa kanisani siku ya kunizika. Nikamwuliza haraka hiyo ni ya nini. Akasema, "Mama, ni kujipanga tu." Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha nikausoma.

Ameandika kwamba makala yangu juu ya fundi wa nguo wa Ishiara ndiyo iliyolijenga jarida letu la mitindo, na kwamba niliiandika peke yangu, nikipigwa vita na mhariri mwenye wivu. Hakuyabuni. Ndiyo niliyomlea nayo.

Wewe ndiwe uliyekuwa mhariri. Nilikuletea kurasa kumi na nane zilizojaa "maridadi" na "ya kuvutia". Ukaniuliza, "Dada, hili gauni umeliona ama umeliota?" Nilikuwa nimeliona kwenye picha tu. Ukanituma Ishiara mara tatu. Mara ya tatu, Nelius, yule fundi, alinigeuzia gauni ndani nje. Nikaona kitambaa cha ziada kwenye kila mshono, ili bibi harusi alipanue akipata mimba, na baadaye mdogo wake alivae. Makala ilianzia hapo. Zilibaki kurasa nne, wala hapakuwa na neno la bure.

Sikukushukuru. Jarida lilipochelewa kuchapishwa, mwenye jarida akauliza kwa nini. Nikamwambia umezishikilia kurasa zangu kwa wivu. Wiki hiyo hiyo ukafutwa kazi. Baada yako hakuna aliyenikata hata sentensi moja, na sikuandika tena kitu cha maana. Nimesifiwa miaka thelathini na moja, nikashindwa kutoka ndani ya sifa hizo.

Kila nikijaribu kumweleza Kivuti, ananifunika blanketi. "Usijichoshe, Mama." Anadhani ni dawa zinazosema.

Kwa hiyo nimekuwekea wasifu wenyewe humu. Uhariri, Kinya, kama zamani. Usinihurumie. Andika nilichokutendea, umrudishie Kivuti. Nimetia sahihi chini ya kila ukurasa, ajue nimekubali utakachoandika. Kanini, muuguzi wangu, ataipeleka barua hii posta.

Nisalimie shemeji Bundi, na binti yako Gacheri na watoto wake. Mungu awafunike kwa mkono wake, na siku zenu ziwe nyepesi kuliko zangu.

Msamaha siudai. Ukiona huwezi kunisamehe, uhariri hata hivyo.

Dada yako akupendaye, aliyechelewa kusema,
Rwamba