Debe la Maji la Ihumwa

Dodoma, Oktoba 1913

Kwa ndugu yangu Abbasi bin Hasani, uliyeko Kilimatinde kwa Bwana Kolbe.

Salamu zangu zikukute umekaa, umeshiba na una afya njema. Natumaini ile homa ya masika haijakurudia, na kwamba wazee wako kule Kondoa hawajambo. Mimi sijambo, ila mgongo wangu bado hauitikii salamu. Barua hii anakuletea Khamisi, yule mpagazi wa stesheni. Isome mwenyewe, usimpe karani. Herufi nilikufundisha mimi, kwa mkaa, juu ya sanduku la petroli.

Nitakusimulia habari zetu kana kwamba hukuwepo, maana nasikia huko unazisimulia kwa namna nyingine.

Mabwana wetu walipoleta motokaa zao za mbio kwa reli, Bwana Riemer alinikabidhi mimi ile ndogo nyekundu, na Bwana Kolbe akakukabidhi wewe ile kubwa ya kijivu. Watu wa sokoni wakaziita Nyigu na Dume. Unakumbuka siku tulipobadilishana kwa siri kwenye mbuga ya Ihumwa? Tulicheka mpaka tukakaa chini. Wewe ulisema Nyigu ni mwepesi, ukigusa usukani kwa kidole amekwisha kukata kona, lakini kiti chake ni jiwe na vumbi lote la Ugogo unalila wewe. Mimi nikasema Dume ni mzito kuamka, ila akishashika mwendo unakaa juu yake kama mkwe kwenye karamu. Nyigu hupozwa na upepo, hajui maji. Dume hunywa kama ng'ombe waliotoka Kongwa kwa miguu. Tena Dume akizimika, mtu mmoja humwasha kwa kuzungusha mpini mara moja tu. Nyigu akizimwa angali moto, hawaki mpaka wawepo watu wawili, mmoja mbele kwenye mpini, mwingine kitini ameshika mkono wa petroli. Hilo tulilijua wewe na mimi.

Na habari ya umiliki tuliimaliza siku ile ile. Ulisema mwenye ng'ombe ni bwana, lakini anayemjua ng'ombe ni mchungaji. Nilikubali, maana Bwana Riemer hakujua hata mahali Nyigu anapotiliwa petroli.

Ndipo tukachanjiana, uani kwa mama yangu Anyesi, kule Kizota. Tulikula ini la mbuzi lenye damu yangu na damu yako. Padre alipoiona ile chale kifuani alinifungia Meza ya Bwana, na hadi leo Jumapili nakaa nyuma pamoja na wasiobatizwa. Sikujuta wakati ule.

Kisha mabwana wakashindana kwa maneno wakiwa na bia mkononi, mpaka wakawekeana motokaa zenyewe. Twende Ihumwa na kurudi. Bwana atakayeshinda achukue motokaa ya mwenzake, na dereva atakayeshindwa apelekwe kubeba mataruma kwenye reli mpya, mbele ya Tabora, ambako wengi hawarudi. Wao wenyewe waliona vumbi haliwafai, wakabaki stesheni. Mimi na wewe tukala kiapo kufika pamoja, gurudumu kwa gurudumu, asiwepo wa kushindwa.

Tulipogeuza Ihumwa, Dume alianza kufuka mvuke. Bwana wako alikuwa ameyashusha maji ya akiba ili motokaa iwe nyepesi. Mimi nilikuwa na debe nimelifunga nyuma ya kiti. Sasa jiulize, Abbasi. Nyigu hanywi maji. Debe lile zito nililibeba kwa ajili ya nani?

Nikasimama. Ukaniambia, "Zima Nyigu, ndugu yangu, uje unishikie mfuniko, unaniunguza." Nikazima. Nikakushikia mfuniko kwa shati langu, ukamnywesha Dume, na yaliyobaki ukanywa mwenyewe. Ukazungusha mpini wako, ukapanda. Nikakuita uje unishikie mkono wa petroli. Ulinitazama. Natamani kujidanganya kwamba kelele za Dume zilikuziba masikio, lakini ulinitazama, ndipo ukaondoka.

Nyigu alipopoa akawaka, nami nikafika jua limekwisha kuinama. Bwana Riemer alisema nimeuza mashindano. Nikalazwa chini, nikapigwa viboko hamsa ishirini, huku naulizwa nani alinituma kuzima motokaa. Ningekitaja kiapo chetu, nawe ungelazwa kando yangu. Niliuma mkono wa shati nikanyamaza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa kwenye usukani.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Khamisi ameniambia kwamba mwisho wa mwezi utamteremsha Bwana Kolbe mlima wa Kilimatinde, na kwamba umemchagua Nyigu. Nilifurahi. Nakuambia wazi, nilifurahi. Waya wa breki ya Nyigu ulikatika zamani, nami nikauunga kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, chini ya kiti, mahali pasipoonekana. Kila wiki niliupaka mafuta. Tangu umchukue, hakuna anayeupaka. Kwenye tambarare hauna neno, lakini kwenye mteremko ule utakatika mara ya kwanza utakapokanyaga. Nilijua hivyo nikakaa kimya. Nilikula na furaha hiyo, nikalala nayo.

Jana mama alipika mlenda, na kama alivyozoea akakuwekea sehemu yako pembeni. Sijamwambia kitu. Nilikitazama kile kibakuli, nikauacha ugali wangu, nikainuka kutafuta karatasi.

Basi utoe ukanda huo, utie waya mpya. Usimteremshe Nyigu kabla ya hapo.

Jumatatu napanda treni kwenda kwenye mataruma. Wasalimie wazee wako. Mama Anyesi anakusalimu sana, anauliza utakuja lini kula. Ukija, mimi sitakuwepo, na usimweleze lolote.

Barua hii ndiyo debe la pili, Abbasi. La tatu usije kuliomba kwangu.

Niliyekuwa ndugu yako,

Gideoni Matonya